Ndama Aliyefukiwa Kimyakimya

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijasikika ng'ambo ya korongo, Judica alikuwa ameshafagia zizi, amemchotea maji ng'ombe wao Madoa na kumpelekea bibi yake kikombe cha maziwa. Bibi Kornelia aliyapenda maziwa mabichi, yakiwa bado na joto la kiwele. Ya kuchemshwa, alisema, ni ya wagonjwa.

Kazi ya jioni ndiyo iliyomshinda Judica. Baba yake, Herman, alimwagiza amchanganyie Madoa pumba na mashudu ya alizeti kila atokapo shule, kwa kuwa ng'ombe huyo alikuwa na mimba ya miezi mitano na kiangazi kilikuwa kimekausha majani yote ya kijiji chao cha Nangwa. Lakini darasa la sita walikuwa na timu ya netiboli, na Judica ndiye aliyekuwa mfungaji wao. Mara nyingi alirudi giza likiingia, akamtupia Madoa mabua makavu ya mahindi, akaingia ndani. Mbavu za Madoa zikaanza kuhesabika.

Jumamosi moja, baba yake akiwa mnadani Katesh, Judica alikuta nyuma ya zizi kindama kidogo, ukubwa wa paka, hakina uhai. Madoa alikuwa ametupa mimba. Mwaka uliotangulia alitupa vilevile, na daktari wa mifugo, Daktari Sulle, akasema sababu ni lishe duni. Kwa hiyo Judica hakuhitaji kuuliza mkosaji ni nani. Alikibeba kile kindama kwa mikono mitupu, akakifukia kando ya uzio pamoja na kondo la nyuma, akanawa kwa maji matupu. Hakumwambia mtu.

Wakati huo Bibi Kornelia alikuwa na miezi miwili ya kuugua. Homa ilimpanda jioni, ikashuka kukicha na kumwacha ameloa jasho. Viungo vilimuuma hata jembe hakuweza kulishika. Zahanati walimpima malaria mara mbili, wasiione. Mwanamke aliyezoea kupanda mlimani kutafuta kuni sasa alishikwa mkono kwenda kuota jua mlangoni. Herman alimwandikia dada yake aliyeko mbali kwamba kama anataka kumwona mama, asikawie.

Daktari Sulle, kwa upande wake, alikuwa ametibu mifugo ya wilaya ya Hanang kwa miaka ishirini na sita. Watu walishangaa kusikia amekwenda kusoma tena wiki nzima, akikaa darasani na madaktari vijana kutoka Mbulu, sawa na watoto wake kwa umri. Mafunzo yalihusu lishe ya ng'ombe na magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Wengine walimtania kwamba mzee kama yeye hana jipya la kufundishwa. Aliporudi alifungua daftari lake la zamani, akaandika majina ya nyumba zote ambazo ng'ombe waliwahi kutupa mimba, akawasha pikipiki na kuanza kuzizungukia.

Kwa Herman alifika alasiri. Judica alimwamkia, akamletea kiti karibu na alipokaa Bibi. Daktari alimpa Bibi shikamoo, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Herman, mwaka jana nilikuambia ng'ombe wako alitupa mimba kwa sababu ya lishe. Sikuchukua damu, sikupima kitu. Nilijibu tu kwa kuwa nilikuwa na haraka. Nimekuja kukuambia kwamba huenda nilikosea."

Judica hakuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo mbele ya watoto. Daktari akaeleza kwamba kuna ugonjwa wa ng'ombe uitwao brusela. Ng'ombe mwenye ugonjwa huo hutupa mimba, na binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika bila kinga ndama aliyetupwa na kondo lake. Aliyeupata huwa na homa ya kuja na kuondoka, jasho na maumivu ya viungo. Alipokuwa akisema hayo, macho yake yalikuwa kwa Bibi. Kisha akauliza kama Madoa ametupa mimba tena. Herman akajibu kwamba hapana, ana mimba na anaendelea vizuri.

Judica alijua kwamba akinyamaza, daktari ataandika jibu hilo na kuondoka, na Bibi atabaki pale pale kwenye jua.

"Ametupa, Baba," alisema. "Wiki tatu sasa. Mimi ndiye niliyemfukia ndama. Nilikuwa simpi mashudu, nikadhani nimemuua."

Herman aliinuka, akamtazama binti yake, akakaa tena. Daktari alimuuliza Judica alimfukia wapi na kama alivaa chochote mikononi, akayaandika majibu yote. Hakumlaumu wala kumsifu. Alisema tu kwamba safari hii hatajibu kabla ya kupima. Akachukua damu ya Madoa, akaandika barua ya kuwapeleka hospitali, na kesho yake Herman, Bibi na Judica wakapanda basi la Haydom.

Hospitalini ilionekana kwamba Bibi anao ugonjwa huo. Alipewa dawa za aina mbili za kumeza kwa wiki sita, asiruke hata siku moja. Judica hakukutwa nao, ila aliambiwa arudi kupimwa tena. Majibu ya Madoa yalipokuja, naye alikuwa nao. Ilibidi aondolewe zizini akachinjwe chini ya usimamizi wa daktari, na siku hiyo Judica alilia mpaka macho yakavimba. Zizini walikuwa pia na mtamba mdogo, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado; naye alipimwa, akawa salama.

Mtamba huyo alikabidhiwa Judica. Daktari alimwonyesha namna ya kukatakata mabua na kuyachanganya na mashudu, pumba na chumvi ya madini. Judica akawaomba wenzake wa timu waanze mazoezi nusu saa baadaye, naye akawahi kulisha kwanza.

Wiki ya saba tangu Bibi aanze dawa, Daktari Sulle alimkuta Bibi shambani, jembe mkononi. Bibi akamuuliza kilichomsukuma kurudi shule uzeeni.

"Mama, nilikuwa na cheti, nikadhani nimemaliza kusoma," alijibu. Kisha akamwita Judica asogee. "Njaa ilimkondesha Madoa, na hilo ni kosa lako. Mimba ilitupwa kwa ugonjwa, na hilo nilipaswa kulijua mimi. Lakini sote wawili tulimchelewesha Bibi kupona, mimi kwa kujibu nisichokijua, wewe kwa kuficha ulichokijua. Usipojua, uliza. Ukikosea, sema mapema, mtu angali anaweza kutibiwa."

Judica akaitikia. Bibi akampa jembe la pili, wakaendelea kulima tuta.