Kucha za Mke wa Nzuki

Siku ya soko mjini Machakos, mtu hukanyagwa na kuombwa msamaha kwa pumzi moja. Nzuki hakuingia kwenye kibanda cha vipodozi cha Mwelu kwa hiari. Alisukumwa na mama mwenye gunia la kunde, akapepesuka, akajikuta ameshika kaunta. Alikuwa kijana mrefu, shati limenyooshwa vizuri, lakini pindo lake lilijaa matundu madogo madogo.

"Pole, madam. Uko na peroksaidi ya nywele? Na ile dawa ya kutoa cutex."

"Niko nayo. Ni ya nani?"

"Ni ya kazi."

Mwelu akacheka moyoni. Kazi! Wanaume wakitumwa na wake zao husema hivyo hivyo. Akayatazama yale matundu akawaza: mwanamke gani huyu, anang'arisha nywele huku shati la mumewe likiliwa na mende?

Nzuki akarudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kila mara alinunua kichupa kimoja, akakalia stuli na kupiga soga mpaka wateja wakaanza kumsalimia kama mwenye duka. Akaomba namba ya simu, eti awe anauliza kama mzigo umefika. Mzigo ukasahaulika. Jioni, vilima vya Iveti vikianza kugeuka samawati, simu ya Mwelu ililia.

"Sasa mrembo. Umekula?"

"Nitakula saa ngapi na umenishikilia kwa simu?"

"Basi kata."

"Kata wewe."

Hakuna aliyekata. Waliongea juu ya mvua, juu ya kuku, juu ya kwaya ya Mwelu, juu ya kila kitu isipokuwa yule mwanamke. Mwelu hakuuliza kwa sababu aliogopa jibu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Mwelu alikuwa anakohoa hata kanisani.

Dada yake, Nthambi, hakuwa na muda wa vikohozi. Alikuwa amefungua saluni Syokimau. "Kiti chako kiko wazi," alimwambia. "Nipe jibu Jumapili, ama nitatafuta mtu mwingine." Mwelu hakutaka kuhama. Kibanda kile alikianzisha mwenyewe, na Machakos ndiko Nzuki alikokuwa. Lakini kubaki akimsubiri mume wa mtu? Hilo hapana. Kama Nzuki ana mke, yeye atafunga virago.

Jibu lilikuja Alhamisi. Nzuki aliingia mbiombio.

"Nipe cutex nyekundu. Ile inashika sana, haitolewi hata na maji makali."

"Mwambie akuje nimpake," Mwelu akasema, na sauti yake mwenyewe ikamsaliti.

Nzuki akainua kichupa kwenye mwanga, akatabasamu. "Hapana, nitapaka mwenyewe. Niko na mkono mtulivu."

Lo! Mume anayempaka mkewe kucha! Wanaume wa namna hiyo wakionekana, ujue wamekwisha chukuliwa. Mwelu aliona wivu, kisha akaona aibu kwa kuona wivu, kisha akampenda zaidi, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Jioni simu ililia, hakuishika. Kesho yake pia. Jumamosi asubuhi akachoka kuisikia.

"Mwelu, nimekukosea nini?"

"Usinipigie tena. Mwambie bibi yako akuje ajinunulie vitu vyake."

"Bibi gani?"

"Huyo unampaka kucha."

Nzuki akaangua kicheko mpaka simu ikakwaruza. "Aiya! Kuja kwangu Katelembo leo mchana umwone."

Alienda. Alivaa gauni lake la buluu lenye madoa meupe na hereni ndefu, maana mwanamke haendi kumtazama mwenzake akiwa ovyo. Maneno ya kusema aliyapanga njiani, na akishayasema angempigia Nthambi kukubali kile kiti.

Alimkuta Nzuki peke yake barazani, glavu mikononi, akitikisa beseni la plastiki taratibu. Harufu kali ilimpanda Mwelu puani.

"Simama upande huu, upepo usikuletee moshi," Nzuki akasema. "Haya, huyo hapo. Msalimie."

Ndani ya beseni kulikuwa na kibao chembamba kilichofunikwa shaba, na juu ya shaba, michoro ya wino. Peroksaidi na asidi zilikuwa zinaila shaba pole pole kila mahali wino haukufika. Maji yaligeuka kijani. Shaba ikayeyuka kama sukari, na mistari ikajitokeza, mingi, myembamba, ikikutana na kuachana. Pale wino ulipokatika, palikuwa pameunganishwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Mkono ulikuwa mtulivu kweli. Mwelu akasahau maneno aliyoyapanga. Angeweza kutazama maji yale hadi kesho.

"Ni ya mashine ya kuangulia vifaranga," Nzuki akaeleza. "Umeme unapita kwa hiyo mistari. Wino nautoa mwisho, na dawa yako."

"Na matundu ya shati?"

"Asidi. Inaruka."

Mwelu akafunika uso kwa viganja akacheka. Akaingia ndani kuchukua kiti. Sakafuni palikuwa na mtungi mkubwa wa peroksaidi ya viwandani. Juu ya rafu, vimepangwa vizuri, vichupa vya peroksaidi vya kibanda chake, vifuniko havijafunguliwa.

"Nzuki! Hizi mbona hujatumia?"

"Ya kwanza nilitumia. Ni nyepesi sana kwa hii kazi, nikanunua ya mtungi."

"Sasa ulikuwa unarudi kufanya nini?"

Nzuki aliendelea kutikisa beseni, macho yamo humo humo. "Nikiacha kununua, ningekuja kwako nikisema nini?"

Furaha ilimjaa Mwelu mpaka akashika mlango. Lakini hakutaka kuisema yote mara moja.

"Nthambi ananitaka Syokimau," akasema. "Kesho nampa jibu."

Beseni likasimama. Nzuki akageuka, uso umemsawajika.

"Mwelu. Wazee wetu wakipeleka mbuzi wa ntheo kwa baba yako, kuniombea wewe, atawarudisha?"

Mwelu akamnyooshea kidole mikononi.

"Kwanza toa hizo glavu, unawe mikono," akasema. "Halafu uniulize tena, pole pole."