Maharage ya Nchi Jirani

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia kwenye ghala la serikali kumsaidia mama yake kuchagua maharage. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiotulia, lakini juma lile hata yeye alikuwa kimya. Katika nchi jirani mvua ilikuwa imegoma, watu walikuwa na njaa, na serikali ilikuwa imeamua kuwapelekea msaada. Malori yangeondoka alfajiri. Akina mama walikaa mikekani, nyungo mapajani, wakitoa mawe na mbegu zilizooza, huku migongo ikiwauma na macho yakiwawasha kwa vumbi.

Jioni ya mwisho kabla ya safari, mama alinyanyuka kwenda kunywa maji. Chiriku alilitazama debe la mwisho la maharage ambayo hayajachaguliwa. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Akaangaza huku na huku, akalimimina lote, mawe kwa maharage, ndani ya gunia safi.

Msimamizi alipopita, alimsifu binti kwa wepesi wa mikono, akamwambia mama kwamba mtoto wa namna ile ni hazina. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tabasamu lile lilimchoma Chiriku kuliko kiboko. Mama alipoanza kutunga uzi ili alishone gunia, Chiriku akamshika mkono.

"Mama, usishone. Lile debe sikulichagua."

Mama hakufoka. Aliketi taratibu, kama mtu aliyetua mzigo kisha akaambiwa aubebe tena, akalipindua gunia zima mkekani. Bibi mmoja, jirani yao, alikuwa ameshabeba mkoba wake aondoke. Aliwatazama, akaguna, akakaa nao bila kuombwa.

Walichagua upya mpaka mwanga ukaanza kufifia. Katikati ya maharage mama aliokota kipande cha chupa, akakiweka kwenye kiganja cha bintiye.

"Nilidhani hawatajali," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Si wanasema mwenye njaa hachagui?"

"Ni kweli, mwanangu, hachagui," mama alijibu huku akinyoosha mgongo. "Atapika haraka, atamlisha mtoto wake bila kutazama. Ndiyo maana sisi tunamchagulia. Ukimsaidia mtu, msaidie kama vile unampikia mtu wa nyumbani kwako."

Chiriku akauvuta ungo, akaendelea. Gunia lao lilikuwa la mwisho kupakiwa, na lilikuwa safi.