Kiatu cha Njia ya Susuni

Kokushubira alikuwa ameshika kiatu chekundu cha kukimbilia, kizuri kuliko vyote mezani, pale mtu alipokichukua mkononi mwake taratibu na kukirudisha mahali pake.

"Hicho ni cha lami, dada," akasema muuzaji. "Unakimbilia wapi?"

"Susuni."

"Na mvua hizi? Ukikivaa hicho utaishia kwa nesi."

"Nesi ni mimi. Itabidi nijihudumie mwenyewe."

Muuzaji akacheka. Ilikuwa Novemba, soko la mitumba la mjini Tarime limefurika, tope linaruka mpaka kwenye sketi za watu. Koku, kama walivyomwita kazini, alikuwa ametoka Kagera miaka miwili nyuma kuja kuhudumu kwenye zahanati huko Susuni. Kukimbia alianza mwaka aliomzika mama yake. Hakujua njia nyingine ya kupata usingizi. Sasa alikuwa amejiandikisha kwenye mbio za kilomita ishirini na moja huko Mugumu, na wiki ile alikuwa ameshaanguka mara mbili mazoezini.

Muuzaji, Simioni, alikuwa mrefu, shati la samawati limenyooshwa pasi, kitambaa begani. Akageuza kiatu cha kijivu, soli juu.

"Ona meno haya. Marefu, yameachana. Tope linadondoka lenyewe. Yakibanana, utabeba shamba la watu mpaka kwako."

"Na kwenye mawe?"

"Ndiyo maana sikupi yale marefu kabisa, mwambani yanateleza. Njia yako ina tope, changarawe na mawe. Chukua ya wastani." Akakikunja kiatu; kikakunjika kwenye vidole, si katikati. Akapitisha kucha pembeni kote kukagua gundi. "Vaa, usimame. Mbele ibaki nafasi ya kidole, maana ukiteremka mguu unasogea."

"Kina matundu. Maji yataingia."

"Maji yataingia tu, hata kwa juu. Tafuta kiatu kinachoyatoa."

Akapiga goti topeni na suruali yake safi, akamfunga kamba. Koku akajikuta hana haraka ya kuondoka.

Jioni ile simu ya Koku iliita; alikuwa amemwachia Simioni namba.

"Kiatu kinasemaje?"

"Kinasema muuzaji wake ana maneno mengi."

"Kiambie kinivumilie."

Kikamvumilia. Kila Jumapili Koku alikimbia kutoka Susuni mpaka Nkende, kwenye chumba alichopanga Simioni, akifika kalowa mpaka magotini, naye Simioni akimsubiri na beseni la maji ya moto. "Mama, leo umechelewa dakika nne," angemtania. "Mpenzi, leo nimesimama kukuwaza," angejibu. Simioni alimsimulia kuhusu kaka yake Ezra, aliyechimba dhahabu kwenye mashimo madogo ya Nyakunguru. Koku alikuwa bado hajakutana naye.

Machi, Simioni akaacha kupokea simu. Siku tatu kimya. Siku ya nne akapokea mwanamke, mtoto analia nyuma yake.

"Simioni amelala. Nani mwenzangu?"

"Wewe ni nani?"

"Robi. Wa hapa nyumbani."

Koku akakata, na simu za Simioni hakuzipokea tena. Wiki iliyofuata Jesca, nesi mwenzake, akamwambia bila kumwangalia usoni: "Yule mura wako, kijana wako wa viatu, nimemwona Nkende na mwanamke na watoto watatu. Wanahamisha vyombo."

Akaifungia namba ya Simioni. Wiki ile ile akaandika barua ya kuomba uhamisho wa kurudi Kagera. Simioni alipofika zahanati kwa miguu, mvua imemlowesha mpaka mifupa, Koku alimtuma Jesca aseme hayupo. Akamchungulia dirishani akiondoka, na moyo wake ukafurahi, furaha mbaya.

Mwishoni mwa Mei akaenda Mugumu. Kiatu cha kijivu alikiacha chini ya kitanda. Akavaa kipya cha dukani, laini, soli imenyooka kama kiganja. Kilomita ya kumi na nne njia iliteremka kwenye kijito, udongo mweusi unaonata. Mguu ukaenda kwake, yeye akaenda kwake. Kifundo kikalia.

Aliyemwinua alikuwa Simioni.

"Nimekuja jana kuipita njia yote," akasema. "Nikajua kama utaanguka, ni hapa."

"Rudi kwa mkeo."

Simioni alikaa kwenye nyasi, akamvua kiatu polepole. Alikuwa amekonda.

"Robi ni mke wa Ezra. Shimo lilimfukia Ezra mwezi wa tatu. Tulichimba siku tatu kumtoa. Ulipopiga, ndiyo nilikuwa nimelala mara ya kwanza. Wazee walitaka nimrithi. Robi akakataa, na mimi nikakataa, wakamfukuza na watoto. Nimempa chumba changu. Mimi nalala kwa rafiki."

Koku akamshika mkono, akaubana usoni kwake, wakakaa hivyo huku wakimbiaji wakiwapita.

"Ningekuoa, Koku," akasema Simioni. "Bado nataka."

"Nitakubali," akajibu. "Lakini kibali cha uhamisho kimetoka juzi."

Jumatatu alikwenda ofisini wilayani akichechemea, kuomba kifutwe. Ofisa alikuwa mpole. Nesi wa kujaza nafasi yake ameshapangwa, na Kagera wanamsubiri. Akamsomea barua yake mwenyewe: "Sina ndugu wala jambo lolote linalonizuia Tarime." Kisha akamuuliza, "Si wewe uliyeandika hivi?"

"Ni mimi."

Asubuhi ya safari Robi alikuja stendi na watoto, kanga nyeusi ya msiba bado mabegani. Alimkumbatia Koku kwa muda mrefu. "Usimwambie aje huko," akanong'ona. "Atakuja, na hawa watalala njaa."

Koku akaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo Simioni alipomuuliza, "Nije lini?" alimtengenezea ukosi wa shati, akamwambia, "Usije, mpenzi wangu. Baki na watoto wa kaka yako."

"Na wewe?"

"Mimi nitapiga simu."

Wote wawili walijua ni mbali kiasi gani. Basi likaondoka saa mbili kasoro. Koku hakulia mpaka walipovuka mto kwenye daraja la Kirumi, na abiria aliyekaa jirani yake akamuuliza kama ni msiba. Akasema ndiyo.