Dakika ya Tatu, Amepiga Miayo

"Nataka kitambaa cheusi," alisema yule mwanamume, "cheusi kabisa, kisichong'aa hata kidogo."

Ilikuwa Jumamosi mchana, na mtaa wa vitambaa ulijaa hadi watu wakapitana kwa mabega. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake mlangoni mwa duka la shangazi yake, amevaa gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe, utepe wa kupimia shingoni. Akamtazama mteja toka chini hadi juu. Viatu safi, suruali imenyooka kwa pasi, shati jeupe lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine. Huyu hana wa kumwangalia, akasema moyoni.

"Pole kwa msiba," akamwambia.

"Msiba gani? Ni cha kuweka nyuma ya mkate."

"Mkate?"

"Umeota ukungu. Naupiga picha."

Shangazi akadakia toka ndani, "Mpimie haraka aende! Huyo si mzima."

Lakini fundi alikwisha kucheka, na kicheko kikitangulia, moyo haukawii kufuata. Siku ya tatu mwanamume alirudi, ati kitambaa kinang'aa. Siku ya tano akarudi tena, safari hii bila sababu. Wanawake wa dukani wakamwita Bwana Ukungu.

"Nilikuwa mtafiti wa maabara miaka tisa," alimweleza fundi, ameketi kwenye kigoda kando ya cherehani. "Niliyoandika yote wameyasoma watu kumi na mmoja. Mama yangu mwenyewe anawaambia majirani napima mkojo. Nikaacha kazi. Nataka kutengeneza filamu ambayo hata mama ataielewa."

"Ukaacha mshahara kwa ajili ya mkate uliooza?"

"Ndiyo."

"Shangazi alisema kweli," alijibu fundi, macho yakicheka.

Basi ikawa kila jioni anakuja na simu yake, anamwonyesha vipande vya filamu huku yeye akipinda sketi. Fundi akawa anauliza. Huo ukungu unakula kwa mdomo upi? Unajuaje mkate uko wapi? Kila swali lilimfurahisha yule mwanamume kama zawadi. Na asubuhi simu ilikuwa haipoi.

"Umekula, malkia wangu?"

"Malkia gani ana uzi kwenye meno? Niache nifanye kazi."

"Sema kwanza umenikumbuka."

"Nimekukumbuka kidogo. Kwa heri!"

Lakini hakukata simu hadi mwanamume akate.

Siku moja Bwana Ukungu alitoka nje kupokea simu, akaacha daftari lake wazi juu ya meza ya kukatia. Fundi alilisogeza apate nafasi ya mkasi, akaona maandishi. Akasoma polepole, neno kwa neno.

*Mtazamaji: mshonaji, elimu ya msingi. Dakika ya tatu, amepiga miayo. Dakika ya tano, ameuliza kuhusu mdomo. Dakika ya saba, ameangalia barabarani.*

Kurasa nne za namna hiyo, zenye tarehe, tangu juma la kwanza. Kumbe mkate ulikuwa yeye.

Mwanamume aliporudi alipewa daftari mkononi.

"Elimu ya msingi," fundi alisema.

Angeomba radhi pale pale, yangekwisha. Lakini miaka tisa ya maabara haitoki mwilini kama vumbi. Akaanza kueleza: "Mtazamaji hatakiwi kujua kwamba anatazamwa. Akijua, anabadilika..."

"Basi nimebadilika," fundi akasema, akakanyaga cherehani mpaka maneno ya mwanamume yakazama.

Siku tisa simu ililia bila kupokelewa. Usiku fundi aligeuka kitandani akijiuliza swali moja tu: yale maneno matamu, nayo yaliandikwa dakika ya ngapi?

Siku ya kumi alikuja mchana, duka limejaa wateja. Amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Baba, mkate umekwisha?" shangazi akamchokoza.

"Nimekuja kuomba radhi, shangazi. Tena mbele za watu, maana nilikosa kimyakimya." Akamgeukia fundi. "Nilizoea kutazama vitu visivyojibu. Wewe ulikuwa unajibu, na mimi nikaendelea kuandika. Nisamehe. Kila ulipopiga miayo nilikata. Filamu ilikuwa saa nzima, sasa ni dakika ishirini na mbili. Alhamisi nawaonyesha watu wa televisheni. Wakikataa, sina pengine."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu. Kutazama hakukuanzia maabara.

"Nilipopiga miayo, uliwahi kuniuliza kwa nini?"

"Hapana."

"Siku ile niliamka saa kumi na moja alfajiri. Nilishona sare arobaini. Nilikuwa nimechoka, mwanamume wewe, sikuchoshwa!"

Mtafiti akaketi juu ya robota la vitambaa, mikono kichwani. Duka zima likaangua kicheko.

"Kile kipande ukungu unapofungua vichwa vyake kama miavuli," fundi akaendelea, "kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kiko wapi?"

"Nilikikata."

"Kakirudishe. Na leo nakuja huko unakokatia. Likinichosha jambo nitasema kwa kinywa changu. Na jina langu liandikwe."

"Litaandikwa. La kwanza."

"La pili. Usinipake mafuta."

Alhamisi watu watano wa televisheni walikaa kuitazama filamu. Fundi alihesabu pumzi zake. Miavuli ilipofunguka, mama aliyekuwa mkuu wa vipindi aliinama mbele, akasema, "Hee! Rudisha tena hapo." Ndipo Bwana Ukungu alipopumua. Walipotoka walikuwa na mkataba wa filamu sita.

Wakasimama juu ya ngazi.

"Nikuulize kitu?" akasema Bwana Ukungu.

"Uliza. Mimi ndiye niliyekufundisha kuuliza."

"Utanioa... yaani, nikuoe?"

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nimekubali. Lakini nenda kamuulize shangazi kwanza."

Mwanamume akashuka mbio, ngazi mbili mbili, hadi chini barabarani. Kisha akapanda tena anahema, maana alikuwa amemsahau bibi harusi juu.