Siri Mlangoni pa Eksirei

Kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umeilalia Kuresoi, Jeruto alikaa ghalani akichambua viazi: vikubwa gunia hili, vya mbegu kule, vilivyooza nje. Ilikuwa kazi ndogo, ila msichana huyo alikuwa bingwa wa kuota akiwa macho. Angeshika kiazi kimoja na kujiuliza kiliwaza nini huko chini ya udongo. Alitamani awe na macho ya kupenya ardhi, avione viazi vikinenepa polepole gizani, na fuko akipita katikati yao bila hata kubisha hodi.

"Jeruto! Umeenda tena?" Mama aliita kutoka jikoni Jumamosi moja.

"Nimerudi, Mama."

Kupitia ufa wa mlango alimwona Mama akitafuna odowa, yale mawe laini ya sokoni ambayo wajawazito huyatamani sana. Alikuwa ameshamfumania hivyo wiki iliyopita. Siku hiyo Mama alimvuta kando akamnong'oneza kwamba angepata ndugu mwingine. "Lakini hili ni letu wawili. Babu asisikie." Kwao, mimba changa haikutajwa mbele ya baba mkwe, ilikuwa aibu kubwa. Baba naye alifanya kazi mbali. Jeruto aliibeba siri hiyo kwa raha, akimwota mtoto yule jinsi alivyoviota viazi, akikua polepole pasipoonekana.

Basi akaenda tena. Na alipokuwa huko kwenye ndoto zake, mdogo wake Kiprugut, wa miaka mitatu, akapanda juu ya magunia. Puu! Akaanguka na kupiga yowe. Mkono wake ulivimba pale pale. Babu Bethwel aliwasha pikapu yake kuukuu, wakateremka wote hadi hospitali moja mjini, ukungu ukiwafuata nyuma.

Daktari alimtazama mtoto, akaagiza picha ya mkono. Mlangoni mwa chumba cha eksirei walipokelewa na mpiga picha, mwanamke mchangamfu aliyeitwa Nyakio.

"Huyu hatatulia peke yake," alisema. "Mama, utamshika. Utavaa hii aproni ya madini ya risasi, izuie miali ya eksirei. Lakini kwanza niambie, uko na mimba?"

Mama aliinamisha macho. Babu alikuwa amesimama hapo hapo, kofia mkononi.

"Hapana," Mama akajibu.

Moyo wa Jeruto ulipiga paa. Ukutani palibandikwa karatasi ya manjano yenye maneno meusi: KAMA UNA MIMBA, MWAMBIE MHUDUMU KABLA YA PICHA. Akamwona yule mtoto wa ndotoni amejikunja gizani, hajui lolote. Akisema, atavunja ahadi na kumwaibisha Mama mbele ya Babu. Akinyamaza, je? Mama alikwishavaa aproni, na mlango ulikuwa ukifungwa.

"Ngoja!" Jeruto aliruka akaushika mlango. "Babu ndiye amshike Kiprugut! Si Mama!"

"We Jeruto, una nini?" Babu aliuliza kwa mshangao.

Mama alimkazia macho. Jeruto akamvuta Nyakio koti, akamnong'oneza sikioni huku machozi yakimdondoka. Nyakio hakushtuka wala hakumtazama Mama. Alimgeukia Babu tu na kutabasamu.

"Mzee, mjukuu wako amesema kweli. Wewe ndiwe mwenye mikono ya nguvu. Kuja uvae."

"Ala! Koti hili lina uzito wa gunia la viazi," Babu alinung'unika akisaidiwa kufunga kamba.

"Vidole vyako vikae nje ya huu mraba wa taa, mzee. Humo ndimo miali inamopita."

Mlango ulifungwa. Mama aliketi kwenye benchi kando ya Jeruto, akamshika mkono kwa nguvu.

Picha ilipokamilika, Nyakio aliwaita Mama na Jeruto waione kwenye kioo cha kompyuta, Babu akimbembeleza Kiprugut huko nje. Jeruto alitazama, akasahau hata kulia. Mifupa ya mdogo wake iling'aa myeupe ndani ya giza, na mmoja ulikuwa na ufa mwembamba.

"Hii miali ni kama mwanga, ila macho hayaioni," Nyakio alieleza. "Inapenya nyama, mfupa unaizuia kiasi, risasi inaizuia zaidi." Kisha akapunguza sauti. "Mama, kwa picha moja ya mkono, miali ingekufikia kidogo sana, pengine isidhuru kitu. Lakini wa tumboni bado anaumbwa. Hatumpelekei hata kidogo kisicho cha lazima. Mimi pia nilikosea kukuuliza mbele ya mzee. Siku nyingine niite kando. Mficha uchi hazai, ama?"

Mama alicheka, machozi yakimlengalenga.

Kiprugut alifungwa plasta, akaionyesha kwa kila aliyepita. Njiani Babu alisimamisha pikapu sokoni, akarudi na mfuko wa machungwa. Hakumpa mkwewe. Alimpa Jeruto kupitia dirisha la pikapu, akitazama upande mwingine.

"Mwambie mama yako aache kutafuna mawe," alisema. "Ale haya."

Mama alijifunika uso kwa leso. Jeruto naye alikodoa macho. Kumbe Babu alijua kitambo, akanyamaza kwa heshima!

Walipokaribia nyumbani, Mama alimvuta Jeruto karibu. "Nilikubebesha mzigo usio wako, mwanangu, unisamehe. Heshima ni nzuri, lakini hospitalini ukweli ndio dawa ya kwanza. Ukiona hatari sema, hata kama ni mimi niliyekuambia unyamaze."

"Ndio, Mama."

Jeruto alimenya chungwa, akampa Mama. Nje ya dirisha, ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena juu ya mashamba ya viazi. Akafumba macho, akaenda tena, na safari hii Mama hakumwita.