Mahindi Asiyoonyeshwa Mgeni

Kila baada ya mavuno, MamBhele hukaa mlangoni kwake akichambua mahindi. Jina alilopewa alipoolewa ni Nosakhele, lakini kwetu Centane mke tunamwita kwa ukoo wa kwao. Mahindi mazuri anayatia kikapu cha mkono wa kulia. Hayo ni ya chakula.

Zamani kulikuwa na kikapu cha kushoto pia. Humo yaliingia mahindi yaliyoota kuvu, meupe kama pamba au mekundu kama ufizi. Hayo yalikuwa ya pombe. Hatukuyatupa hata siku moja. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo, na wangu alinifundisha hivyo hivyo. Tuliamini kuvu ndiyo inayoipa pombe ukali.

Mumewe, Jola, aliipenda pombe hiyo. Kopo likimfikia lilichelewa kuondoka.

"Pitisha kopo, Jola! Umelioa?" wenzake walimtania.

"Na mahari nimeshalipa. Niacheni na mke wangu," alijibu, akaendelea kunywa.

Mwaka mmoja Jola alianza kukwamwa na chakula. Kwanza ilikuwa ugali mkavu. Kisha mkate. Kila tonge alilisukuma kwa maji.

"Twende zahanati," MamBhele alimwambia.

"Zahanati kufanya nini? Kwani nina mimba?"

Miezi minne ilipita kwa mzaha huo. Hospitali ilipompima, ilimkuta na saratani ya umio. Umio ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wa Jola ulikuwa karibu kuziba. Daktari alisema wamechelewa. Jola alirudi nyumbani, akawa mtu wa uji mwepesi tu.

Mimi ni jirani yao. Jola alikuwa mtu wa tano kwenye kilima chetu kuugua ugonjwa huo, na nilikuwa nimechoka kuzika watu waliokufa kwa njaa huku sufuria zimejaa.

Siku moja nilikuwa kwa MamBhele nikimsaidia kukoroga uji. Zoleka akaja na mifuko yake ya karatasi. Zoleka ni binti wa ng'ambo ya mto. Alikuwa akifanya kazi na watafiti wa saratani kutoka Cape Town, na alikuwa amekuja mara mbili kuchukua mahindi ya kupima. MamBhele alimjazia mfuko tena, punje nzuri tupu.

"Asante, mama. Hii ni safari yangu ya mwisho," Zoleka alisema. "Utafiti unafungwa."

"Unafungwa? Kwa nini, mwanangu?"

"Wafadhili wanakataa kutoa pesa. Tunatafuta kitu kinachoianzisha saratani hii mwilini, ili tuizuie kabla haijaanza. Daktari anajua umio, lakini hajui mahindi. Mtaalamu wa mahindi anajua kuvu, lakini hajui umio. Yuko mtu wa hesabu. Na mimi nauliza watu wanakula nini na wanakunywa nini. Mmoja wetu akiondoka, waliobaki wanapapasa tu. Sasa mfuko wa pesa za hospitali unasema hiki ni kilimo. Mfuko wa kilimo unasema haya ni magonjwa. Wanaturusha kama mpira."

"Basi ni hilo tu?"

"Hapana. Kubwa ni mahindi yenyewe. Tumepima ya kijiji kizima mara mbili. Ni masafi! Wafadhili wanauliza, kama hakuna kuvu, walipie nini?"

MamBhele alinitazama. Mimi nilitazama uji.

Upepo uliingia ukafunua gunia nyuma ya mlango. Chini yake kulikuwa na kikapu cha kushoto. Zoleka aliinama, akashika gunzi lenye kuvu nyekundu.

"Haya ni ya nini, mama?"

"Ya pombe."

"Nimekuja hapa mara tatu. Mbona hukuwahi kunipa hata punje ya haya?"

"Mgeni nimpe uozo? Mimi sikulelewa hivyo."

Zoleka alikaa chini, gunzi bado mkononi. "Kwa hiyo kijiji kizima mlinipa ya wageni," alisema. "Mama, nipe na haya."

"Sitoi!" MamBhele alisimama mbele ya kikapu. "Wataandika huko Cape Town kwamba nilimnywesha mume wangu sumu. Nimekaa naye miaka thelathini. Jina langu liishie kwenye karatasi yenu?"

Sauti nyembamba ilitoka kitandani. "Mpe."

"Jola, nyamaza. Unajichosha."

"Mpe, nasema. Waandike jina langu mimi. Jola alikunywa mwenyewe. Hakushikwa pua."

MamBhele alilia. Mimi pia nililia, maana kikapu kama kile kilikuwa kwangu, na mara mbili nilimpa Zoleka mahindi safi nikijiona mstaarabu.

MamBhele alijifuta uso. "Niambie ukweli. Ni pombe yangu inayomuua?"

"Sijui, mama. Nikisema najua nitakuwa nimekudanganya. Alivuta kiko pia, na huenda kuna mambo mengine. Lakini tunaishuku sana kuvu hii, na kupika au kuchachua hakuondoi sumu yake yote. Ndiyo maana tunataka kupima."

"Na sasa hivi tufanye nini?"

"Yanikeni mahindi yakauke vizuri. Yenye kuvu yatoeni, msile, msitengenezee pombe, msiwape kuku. Yaliyobaki yaosheni, na punje zinazoelea mzitupe. Na mtu akianza kukwamwa na chakula, aende hospitali wiki hiyo hiyo. Asingoje."

Kesho yake MamBhele alizunguka nyumba kwa nyumba na Zoleka. Nilikwenda nao. Jirani mmoja alikataa katakata.

"Nitoe uozo wangu upelekwe mjini? Mnataka niitwe mchafu?"

"Mume wangu hawezi kumeza hata mate," MamBhele alimjibu. "Lete kikapu. Utaniita mimi mchafu baadaye."

Kikapu kililetwa. Hadi jioni gari la watafiti lilikuwa limejaa mahindi ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuyaona.

Majibu yalionyesha sumu ya kuvu nyingi kuliko walivyotarajia. Mifuko miwili ya pesa, ule wa hospitali na ule wa kilimo, ilikubali kuchangia pamoja kwa miaka mitatu. Zoleka alileta habari hiyo mwenyewe. Alikuta Jola amezikwa siku kumi na moja zilizopita. Alisimama uani na barua yake, hajui afurahi au atoe pole.

"Isome," MamBhele alimwambia. Akaisikiliza yote hadi mwisho, mkono shavuni.

Siku hizi kwetu kuna kikapu kimoja tu. Mahindi yenye kuvu tunayafukia shimoni. Watu wawili walioanza kukwamwa walikwenda hospitali mapema. Mmoja yuko hai na anakula. Watafiti bado wanapima, na sasa tunawapa kila kitu, hata tunachokionea haya.

Mwaka ulipotimia, MamBhele alitengeneza pombe ya kumkumbuka mumewe. Alitumia mahindi safi, yaliyooshwa. Wanaume walikaa karibu na zizi, wakaonja, wakatazamana.

"MamBhele," mmoja wao alilalamika, "pombe hii haina ukali. Ladha gani hii?"

"Mtaizoea, baba," alisema. "Mimi nimezoea kulala peke yangu."