Zdravka Hasukumwi

Kila asubuhi Zdravka alipopanda kilima kwenda shule mjini Gabrovo, Mzee Pencho muoka mikate aliacha tanuri lake, akadaka vishikio vya kiti cha magurudumu cha msichana na kumsukuma bila kumuuliza. Akiambiwa aache, alicheka tu. Mwishowe msichana huyo wa miaka kumi na mitatu alikwenda kwa fundi wa vyuma, vishikio vikakatwa.

"Sasa nikushike wapi?" mzee alilalama.

"Usinishike popote, babu!"

Jioni Zdravka alijifua uwanjani kwa kiti cha mbio, kile kirefu chenye gurudumu dogo mbele. Aliyapiga magurudumu kwa glavu ngumu hadi mabega yakawaka moto. Watu walimwonea huruma, na huruma hiyo ilimkera kuliko uchovu. Alitaka kitu kimoja: kushinda mita mia siku ya mchujo, aingie timu ya taifa ya vijana.

Siku ikafika. Mzee Pencho akaja na ndoo, akamwaga maji mbele ya kiti cha Zdravka kwenye mstari wa kuanzia, kama watu wa kwao wanavyomfanyia mtu anayekwenda kwenye mtihani au harusi.

"Mambo yako yaende kama maji, mjukuu wangu!"

Bastola ya kuanzisha mbio ikalia. Magurudumu yalikuwa yamelowa, glavu zikateleza. Yoana, mshindani wake kutoka Plovdiv, akachomoka. Mzee alipoona balaa aliyoileta, akaruka kamba ya kuzuia watazamaji na kumsukuma Zdravka kwa nguvu zake zote. Mpiga bastola, mpwa wa mzee huyo, akajifanya anaikagua bastola. Zdravka akamaliza wa kwanza.

Mwamuzi, aliyekuwa kwenye mstari wa mwisho na hakuona yaliyotokea mwanzoni, akaleta medali. Zdravka alijua kwamba akinyamaza, timu ni yake. Roho ilimuuma.

"Siitaki. Nilisukumwa."

"Funga mdomo, mtoto!" mtu alipaza sauti jukwaani. "Nani ameona?"

"Nimeona mimi! Nimekataa kusukumwa kwenda shule, halafu nikubali kusukumwa kwenda timu ya taifa?"

Yoana akacheka. "Basi turudie. Nikikushinda usilie."

"Utalia wewe!"

Mwamuzi alikubali, kwani maji hayakuwa kosa la mkimbiaji yeyote. Mzee Pencho akapiga magoti, akaikausha njia na magurudumu kwa aproni yake. Kisha akasimama nyuma ya kamba, mikono ameifumbata mgongoni. Safari hii Zdravka alimpita Yoana kwa upana wa kiganja.

Kocha Milena, aliyemfundisha tangu mwanzo, alimwita yeye na mzee. "Mzee wangu, msaada huanza kwa kuuliza. Nawe Zdravka, umejionea: ushindi wa haki ni ule unaoweza kuusimulia mzima, bila kuruka mahali."

Jumatatu, chini ya kilima, mzee alikuwa akingoja.

"Nikusukume?"

"Hapana, babu. Nifuate, kama unaweza."

Walipofika katikati, mzee alikuwa akihema. "Punguza mwendo basi, bingwa!"

Zdravka hakupunguza.